UWAWA isiyo ya michango: jinsi ya kuipigania shule ya serikali ya mtoto wako

Mzazi wa Bagamoyo akiitwa shuleni, njiani anajiuliza jambo moja: leo wanataka shilingi ngapi? Nimekuwa mwenyekiti wa ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, kwenye shule ya msingi moja huku pwani, na swali hilo limeniulia mikutano mingi kuliko mvua. Kwa hiyo hapa pesa nimeisogeza karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Pata wajumbe kwa darasa

Kamati ya shule ipo kisheria, na mipango ya shule hupitia kwake. UWAWA isigombane nayo; kazi yake ni kuipelekea yanayosemwa na wazazi wa kila darasa. Sisi tulichagua wawili kwa kila darasa, mama mmoja na baba mmoja, pamoja na mwalimu wa darasa. Msemaji sana mwache. Mtafute yule anayejua kuwa mtoto wa jirani hajaonekana shule tangu Jumatatu.

Hatua ya 2: Tazama maji kabla ya kupanga siku

Mkutano wetu wa kwanza tuliuita bamvua likiwa limeingia, siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka sana. Kina mama wa mwani wote walikuwa baharini maji yametoka, tukakaa watu kumi na mmoja na mbuzi wawili. Tangu hapo tunaita wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo tu, tarehe 8 au 9, au 22 na 23 za mwezi mwandamo, baada ya sala ya alasiri. Ijumaa iacheni. Ajenda mbili zinatosha. Ya tatu hujadiliwa na watu walioshika viatu mkononi.

Hatua ya 3: Hesabuni wenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo watu huiruka. Barua inayosema "vyoo havitoshi" husomwa na kuwekwa. Viwango vya nchi vinajulikana: tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25, dawati moja wanafunzi watatu, darasa moja wanafunzi 45. Mwombeni mwalimu mkuu idadi ya wanafunzi, kisha pitieni shule naye, mguu kwa mguu, mkiandika.

Tuseme mna wasichana 340 na matundu 7. Gawanya 340 kwa 20, unapata 17. Upungufu ni matundu 10. Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko. Tundu lililojaa au lisilo na mlango msilihesabu. Tulibishana nusu saa juu ya tundu moja lenye pazia la kiroba, mpaka mama mmoja akauliza ni nani kati yetu yuko tayari kumwingiza binti yake humo. Likafutwa.

Hatua ya 4: Ijueni ruzuku kabla ya kumshuku mwalimu mkuu

Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, serikali hupeleka ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja. Zinazofika shuleni ni 6,000. Shule ya wanafunzi 600 inapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi: chaki, karatasi, ukarabati, mitihani, vyote humo. Wazazi waliokuja wamekunja sura walipoiona hesabu hiyo ubaoni walinyamaza. Hata hivyo, ombeni mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka. Kuhurumia ni kitu kingine, kukagua ni kingine.

Hatua ya 5: Pelekeni barua mapema, na mbaki na nakala

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango hupikwa miezi mingi kabla. Ombi la Mei limechelewa. Lenu liwe limefika Oktoba. Njia yake: kamati ya shule, serikali ya kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Afisa elimu kata na diwani wapate nakala zao. Kila nakala igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua yetu ya kwanza haikugongwa, na tulipoifuatilia hatukuwa na cha kuonyesha. Kosa letu wenyewe.

Hatua ya 6: Sasa pesa

Elimu bila malipo haikumwondolea mzazi sare, madaftari wala chakula cha mwanawe. Uji wa shule unahitaji mchango, na si aibu kuuzungumza. Ila mchango ni wa hiari, ukubaliwe kwenye mkutano, muhtasari uandikwe, kibali kipatikane. Mwanafunzi hafukuzwi kwa sababu ya mchango. Rais Magufuli alilikemea hilo hadharani Januari 2018. Mwalimu asishike pesa hata kidogo. Kwetu asiye na fedha huleta nazi, muhogo, au kuni.

Kama mnataka kuinua boma, yaani kuta za jengo bila paa, ili serikali imalizie, msichimbe msingi kabla mhandisi wa halmashauri hajafika. Sisi tulichimba kwa furaha Jumamosi nzima, akaja akasema hapo maji ya masika yanapita. Jumamosi iliyofuata tulifukia.

Hatua ya 7: Rudisheni majibu

Hata jibu likiwa "bado", lisomwe mkutanoni pamoja na tarehe ya kuuliza tena.

Na jambo dogo ambalo lilitugharimu mwaka mzima: wajumbe wa darasa la saba huondoka na watoto wao baada ya mtihani wa Septemba, na mara nyingi huondoka na daftari la kumbukumbu. Lichukueni Agosti.