Tisheti ya mazoezi isigeuke njano kwapani: mambo ya kuzingatia kabla

Ukichagua tisheti ya mazoezi kwenye masoko ya mitumba ya Nairobi kama Gikomba au Toi, anza na kwapa. Igeuze ndani nje uishike kwenye mwanga. Ukikuta pamekakamaa na pana duara la njano, irudishe kwenye rundo hata ikiwa ya bei ya kutupa, kwani doa lililokwisha kupigwa pasi halitoki kirahisi.

Jasho lenyewe halina rangi. Njano huja pale chumvi za alumini zilizomo kwenye roloni ya kuzuia jasho zinapokutana na protini na mafuta ya kwapani, kisha zikanasa kwenye nyuzi. Roloni ya kuzuia harufu tu kwa kawaida haina alumini, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kulipa. Kama huwezi kuacha ya kuzuia jasho, ipake usiku, ngozi ikiwa kavu, tena kidogo. Itafanya kazi vizuri zaidi, na asubuhi utaoga uende zako msitu wa Karura bila utelezi kwapani.

Kinachoharibu nguo nyingi ni begi. Mtu anatoka jimu, anakunja tisheti mbichi, matatu inakwama Thika Road, na nguo inabaki humo hadi siku ya mama fua. Isuuze usiku huohuo kwa maji baridi. Mgao wa maji si kisingizio. Jagi moja latosha.

Mama fua naye aambiwe mapema: “Mama, hizi za mazoezi usizitie jiki.” Wengi hukimbilia jiki, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, wakiona nguo nyeupe ina doa, na hapo ndipo mambo huharibika: klorini ikikutana na masalio ya jasho huzidisha njano, na hula nyuzi zinazovutika. Sabuni ya kulainisha nguo pia iwekwe kando, maana huacha utando juu ya poliesta, na utando huo hushika harufu.

Kama doa limeshaingia kwenye pamba nyeupe, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye duka la dawa. Changanya vipimo viwili vyake na kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo, paka upande wa ndani, sugua taratibu kwa mswaki mzee, acha nusu saa, suuza. Nguo ya rangi ijaribu kwanza kwenye pindo, au iloweke kwenye siki nyeupe kipimo kimoja kwa maji vinne. Siki na jiki zisikutane kamwe kwenye karai moja. Hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi hazina hata dirisha.

Likague doa nguo ikiwa bado mbichi. Likiwapo, rudia kabla pasi haijaigusa. Na Julai, jua likigoma, uwe na tisheti ya pili, kwani inayovaliwa haijakauka hunuka kabla hujamaliza kupasha mwili moto.