Namna ya Kujiandaa kwa Kazi ya Utalii Endelevu Tanzania

Kijana anayekwenda kuomba kazi akisema kwamba anataka kuingia katika utalii endelevu, mwajiri atamuuliza kwanza anajua kufanya nini, na hapo ndipo wengi hukwama. Utalii endelevu hauna cheo chake peke yake wala ofisi yake. Ni namna ya kufanya kazi zilezile za kuongoza wageni, kupika, kuendesha kambi na kununua mboga sokoni, huku ukijua kwa hesabu kwamba maji, msitu, wanyama na wenyeji wa mahali pale hawapunjwi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo maandalizi huanza kwa kuchagua fani moja ya kawaida na kuijua barabara. Uendelevu hujengwa juu yake.

Ukipenda wanyamapori na kazi ya uongozaji, mahali panapofahamika zaidi ni Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Anayeelekea hotelini na mapokezi anaweza kwenda Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Dar es Salaam na Arusha, au chuo cha hoteli na utalii cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) kilichopo Njiro, Arusha. Zanzibar, masomo ya utalii ya Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) hutolewa Maruhubi. Kwa mwanakijiji ambaye kijiji chake kimetenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori, kipo pia chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, ambacho mafunzo yake yamelengwa hasa kwa uhifadhi unaosimamiwa na jamii, na ninaona ajabu kwamba chuo hiki hutajwa kwa nadra namna hii. Ngazi ya cheti kwa kawaida huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Kabla ya kulipa ada, hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi), au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ikiwa ni shahada, kisha uliza swali ambalo wazazi husahau kuuliza: wanafunzi hukaa wiki ngapi katika mafunzo kwa vitendo, na huenda wapi?

Ukiwa chuoni, anza na elimu ya mazingira ya mahali utakapofanyia kazi. Nimekutana na vijana wenye vyeti vizuri ambao hawakuweza kutaja miti mitatu iliyokuwa uani kwa mwenyeji wao. Chukua daftari, na kila siku uandike mti mmoja na ndege mmoja kwa majina matatu: la Kiswahili, la lugha ya wenyeji na la kisayansi, pamoja na kazi ambayo wazee wa hapo huifanya kwa mti huo. Usiandike tu kwamba umeona mgunga, kwa kuwa migunga ni mingi na haifanani.

Jambo la pili ni kujua sheria za kumkaribia mnyama pamoja na sababu zake. Katika Hifadhi ya Mahale wageni huvaa barakoa wanapokuwa na sokwe, hukaa umbali wa mita 10 na hupewa saa moja tu, kwa sababu sokwe huambukizwa kwa urahisi magonjwa ya njia ya hewa yanayotokana na binadamu. Serengeti mwendo wa gari hauzidi kilomita 50 kwa saa. Mwongozaji anayejua sheria bila sababu huivunja siku mgeni atakapotoa noti. Ndiyo maana kukataa kwa adabu kunapaswa kufanyiwa mazoezi kwa sauti, mbele ya wenzako, kama mwigizaji anavyojifunza maneno yake. Chukulia kwamba chui ameingia kwenye nyasi mita mia moja kutoka barabarani na mgeni anataka gari limfuate. Ukimjibu kwamba hairuhusiwi, umemnunisha. Zima injini, umwambie kwamba chui huyu akisikia gari nyuma yake ataacha kuwinda, na kwamba mkisubiri kimya huenda akatoka mwenyewe upande wa pili. Wageni wengi hukubali, na hata chui asipotoka hawamlaumu dereva.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo vyuo vingi huipitia juu juu, nayo ni hesabu. Ukipelekwa kwenye hoteli au kambi kwa mafunzo, omba ruhusa ya kusoma mita ya maji kila siku saa moja asubuhi. Ikiwa leo inasoma 412 na kesho 418, zimetumika uniti 6, na kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, hizo ni lita 6,000. Gawanya kwa wageni 20 waliolala hapo, upate lita 300 kwa kila mgeni. Kisha nenda nyumba ya jirani ya kijijini, uhesabu madumu ya lita 20 yanayoingia kwa siku na watu wanaoyatumia. Namba hizo mbili zikikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, zitakuonyesha palipo na tatizo: huenda ni bustani inayomwagiliwa saa saba mchana, huenda ni shuka zinazofuliwa kila siku bila mgeni kuomba. Fanya vivyo hivyo kwa taka, ukizipima kwa mizani ya jikoni baada ya kutenganisha mabaki ya chakula, chupa na plastiki. Kwa fedha, mwombe mpishi akuonyeshe risiti za wiki moja, uandike nyanya, mayai na samaki vimetoka wapi. Hoteli iliyoko pwani inayoletewa samaki wa kugandishwa kutoka mbali ina la kueleza.

Kuhusu mahali pa kwenda kujifunza kwa vitendo, chagua pale ambapo mambo haya yameshajaribiwa. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, mwamba wa matumbawe umefungwa kwa uvuvi tangu 1994; waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi wake, nyumba za wageni huvuna maji ya mvua, na vyoo ni vya mboji. Katika msitu wa Jozani, Unguja, makao ya kima punju, utaona njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko na jinsi vijiji vinavyoizunguka hifadhi vinavyopata sehemu ya mapato. Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ni jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayoundwa na vijiji vilivyotenga ardhi yao, na pale utajifunza kitu kigumu kuliko vyote, yaani mkutano wa kijiji unaojadili mgawo wa fedha. Keti nyuma, usikilize, usichangie mpaka uombwe.

Mlimani Kilimanjaro hali ni tofauti kidogo. Waongozaji wengi walianza kama wapagazi, ambao wenyewe huitana wagumu, na sioni njia bora zaidi ya kuuelewa mlima. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Unapotafuta kampuni ya kuanzia, waulize wagumu waliokwisha kufanya nayo kazi kuhusu malipo, hema na chakula. Kampuni inayotangaza kwamba inapanda miti huku wagumu wake wakila mlo mmoja kwa siku haifai kukufundisha uendelevu.

Mambo mengine ni mafupi. Kazi ya kuongoza watalii huhitaji leseni, basi fuatilia masharti yake mapema. Soma huduma ya kwanza na urudie mafunzo kila muda wake unapokwisha. Ongeza lugha moja ya kigeni baada ya Kiingereza, na uifikishe mahali pa kusimulia hadithi. Vigezo vya Baraza la Kimataifa la Utalii Endelevu, vinavyogusa uongozi, jamii, utamaduni na mazingira, visome ukiwa tayari na daftari lenye namba zako, ili kila kigezo ukiulize: hapa tulipofanyia mafunzo, hili lilikuwaje?

Siku ya usaili, nenda na daftari hilo. Ukiulizwa kuhusu uendelevu, fungua ukurasa wa mita ya maji, umweleze mwajiri ulichokipima, ulichokishauri, na kama ushauri wako ulifuatwa au la.