Mteja ana bastola kiunoni: jinsi ya kuzuia bunduki kwenye baa, duka au lodge yako hapa Uganda

Wenye baa na lodge wananiuliza hii kitu kila mara, hasa wale wa huku Busia, mpakani na Kenya, ambako kila aina ya mtu anapita, wanajeshi, watu wa kodi, madereva wa trela, wazee wa siasa na walinzi wao: kama mtu ana kibali chake cha bunduki, halali kabisa, mimi naweza kumwambia hapa kwangu huingii nayo? Ndiyo unaweza. Wala huhitaji barua ya DPC, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, wala kwenda kugonga muhuri kwa LC, viongozi wa mtaa. Ruhusa unayo tayari, ugumu uko pale getini saa nne usiku, mwenye bunduki ameshashuka kwenye gari na askari wako anayelipwa pesa kidogo anaangalia viatu vyake.

Sheria kwanza, haraka haraka. Katiba yetu ya 1995 haina kifungu kinachompa mwananchi haki ya kubeba silaha. Bunduki hapa ni kitu cha kuomba, Firearms Act ya 1970 inasema hakuna mtu kuwa nayo bila cheti, na mkuu wa kutoa hivyo vyeti ni IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Sasa cheti kinamwambia polisi kwamba huyu jamaa si mwizi wa bunduki, basi, hakimpi tiketi ya kukaa nayo kaunta kwako. Wewe mwenye jengo au mpangaji ndiye unayekaribisha watu, na anayekaribisha anaweza kuweka masharti, viatu, umri, chakula cha nje, silaha. Mtu akikataa sharti unamwambia aondoke. Akigoma kuondoka na akaanza kutisha watu au kutukana, hapo ameingia kwenye kosa la kriminal trespasi, yaani kuvamia mahali pa mtu, la Penal Code, sheria yetu ya makosa ya jinai, linalogusa hata yule aliyeingia vizuri mwanzoni halafu akabaki kwa nia ya kutisha, kutukana au kusumbua, na kifungo chake kinafika mwaka mmoja. Kama uko ndani ya mall au jengo la mtu soma mkataba wako wa upangaji kwanza, manake mwenye jengo naye anaweza kuwa na masharti yake ya getini na hamtaki kupishana mbele ya mteja.

Ukisoma mambo ya Marekani kwenye simu utachanganyikiwa. Kule Texas kibao cha kukataza bunduki lazima kiandikwe maneno yaliyotajwa na sheria yenyewe, vifungu 30.06 na 30.07, kwa Kiingereza na Kispaniola, herufi zisipungue inchi moja kwenda juu, usipofuata hivyo kibao chako kinakuwa pambo. Maduka ya Walmart mwaka 2019 baada ya mauaji ndani ya duka lao la El Paso, Texas, waliomba tu wateja wasibebe bunduki wazi wazi dukani, na Starbucks wauza kahawa walikuwa wameshaomba hivyo hivyo tangu 2013, kuomba tu. Ni nchi nyingine, bunduki kwao ni haki ya kikatiba kwa hiyo wanapimana kwa rula. Huku kwetu hakuna kipimo cha kibao, usipoteze pesa kutafuta stika ya Kimarekani yenye bastola iliyopigwa mstari mwekundu ukadhani umemaliza kazi.

Lakini kibao weka, na uweke nje, kabla ya geti, siyo ndani nyuma ya friji ya soda. Mtu asije kusema hakujua. Andika kwa lugha tatu: Kiingereza, lugha ya pale ulipo, na Kiswahili, manake huku Kiswahili ndicho cha jeshi na polisi, afande wa kutoka Karamoja na wa kutoka Kisoro wote watakisoma. Maneno machache tu: "Hairuhusiwi kuingia na bunduki. Uongozi una haki ya kukagua na kukataa mtu." Kwa Luganda "Emmundu tezikkirizibwa wano" inatosha. Usiandike "isipokuwa wenye kibali", hapo umeua sheria yako mwenyewe, kila mtu atakuwa na kibali usiku huo.

Sasa tuongee ukweli. Raia wa kawaida mwenye bastola ya cheti siye mteja wako mkubwa wa hii shida, japo yupo na akilewa anaiweka mezani kando ya chupa ili wasichana waone. Wengi watakaokuja na silaha ni watu wa kazi: polisi aliyemaliza zamu, mwanajeshi wa likizo, bodigadi wa mheshimiwa, askari wa kampuni ya sekyuriti aliyepita kununua chapati na bunduki begani. Mei 2023 Uganda nzima iliona hii kitu. Tarehe 2 waziri mdogo Charles Engola aliuawa na mlinzi wake mwenyewe pale nyumbani Kyanja, na siku kumi baadaye, tarehe 12, mkopeshaji pesa akapigwa risasi ndani ya ofisi yake katikati ya Kampala na konstebo wa polisi ambaye alikuwa mteja wake, mwenye deni la mkopo. Angalia hiyo ya pili vizuri wewe mwenye duka la mikopo. Aliyeua hakuwa jambazi wa kofia ya uso, alikuwa mtu anayejulikana pale, na bunduki ilikuwa ya mwenzake wa kazi. Na ile ya Novemba 2016 karibu na Forest Mall pale Lugogo ilianza na magari kugusana, kijana akapigwa risasi akafa, aliyepiga akakiri kosa la kuua bila kukusudia akafungwa mwaka 2020. Siyo ndani ya baa hapo, ni paking tu. Kwa hiyo sheria yako ianzie paking.

Kwa hiyo amua mapema na uandike kwenye karatasi: ni wote. Bosi, rafiki yako, OC, yaani mkuu wa kituo cha polisi, akija kunywa, shemeji mwanajeshi. Ukiachia mmoja kwa sababu ananunua sana, Jumamosi inayofuata wa pili atauliza mbona yule. Na usichague kwa kabila au kwa sura, huyo anapekuliwa huyu anapita, huo ni ubaguzi na unakuletea kesi ambayo hukuihitaji.

Askari wako wa getini mfundishe maneno. Siyo hotuba, maneno, na ayarudie mpaka yatoke yenyewe. Heshima kwanza, halafu sharti, halafu njia ya kutokea ili mtu asiaibike mbele ya wake zake. Hivi:

"Jambo afande, karibu sana. Meza ya mheshimiwa iko tayari."

"Tunaingia naye."

"Unaingia afande, hakuna shida, ila silaha inabaki kwenye gari na mwenzako. Ndiyo utaratibu wa hapa, hata OC akija ni hivyo."

"Wewe unajua huyu ni nani?"

"Namjua afande, ndiyo maana meza yake tumeiweka pale mbele, ukikaa kwenye gari unamuona mpaka sahani."

Hiyo ya meza siyo mzaha. Bodigadi ana kazi yake, ukimwambia tu "toka" unampa shida na mkubwa wake, ukimpa mahali anapoweza kumuona mtu wake umemaliza nusu ya ugomvi. Weka meza moja au mbili zinazoonekana kutoka paking, umpelekee na yeye soda na sahani ya pilau kule kule, ni gharama ndogo sana hiyo. Na anayeongea awe mmoja, siyo askari, baunsa, meneja na mpishi wote wanapiga kelele.

Kupekua. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala, Kampala, tumezoea wote kupekuliwa, mpaka tumezoea vibaya. Unajua ile ya askari anapunga kile kidude cha kutambua chuma hewani huku anaangalia boda inayopita, kinalia piiii, anasema "pita bosi". Kimelia kwa mkanda au kwa bastola? Hajui. Na kioo cha kuangalia chini ya gari kinatafuta bomu, hakioni bastola iliyo kwenye droo ya dashibodi. Kama umenunua kidude basi kikilia mtu asimame, atoe simu na funguo, apitishwe tena. Wanawake wakaguliwe na mwanamke, na mikoba ifunguliwe na mwenyewe, askari aangalie kwa macho asiingize mkono. Kumbuka katiba kifungu cha 27 kinakataza kumpekua mtu kinyume cha sheria, kwa hiyo wewe unaomba, hulazimishi. Akikataa kupekuliwa ni haki yake, na wewe ni haki yako kumwambia basi leo hatutaweza kukuingiza. Hakuna kumshika shati.

Hapa kwenye hii sehemu inayofuata naomba usiruke mistari. Askari wako asipokee bunduki ya mtu. Asishike, asimwekee chini ya kaunta, asimfichie kwenye stoo ya bia eti "nitunzie nusu saa". Ile sheria ya 1970 inaongelea kuwa na bunduki bila cheti, haiulizi kama ni yako au umeshikishwa, na polisi wakipita dakika hiyo wanamkuta kijana wako wa kaunta na silaha ambayo hana karatasi yake. Halafu kuna ile hatari ya kawaida: kutoa magazini na kukagua chemba ndipo risasi inapotoka kwa bahati mbaya, na pale getini kuna foleni ya watu. Usimwambie mtu aitoe, usimwambie akuonyeshe iko tupu, mwambie arudi nayo kwenye gari ilivyo, au kituoni, au nyumbani. Tena mwambie isiachwe kwenye gari tupu, awepo mtu. Bunduki ikiibwa paking kwako, kile kibao cha "gari liko hapa kwa hasara yako" hakitakuokoa na usumbufu wa miezi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu masanduku ya chuma ukutani, mwenye bunduki anaweka mwenyewe, anafunga, anaondoka na funguo. Kwa hoteli kubwa, benki, hospitali, sawa, lakini nenda kwanza kwa DPC na mwanasheria, mkubaliane kwa maandishi. Kwa baa mimi nasema hapana, sitaki hata kusikia. Fikiria tu saa nane usiku yule mtu amekunywa chupa saba, amegombana na mtu kwa ajili ya mwanamke, na funguo ya sanduku iko mfukoni mwake.

Halafu polisi wa kazini. Huyo humzuii. Akija kukamata mtu na anasema mtu huyo yuko ndani, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka mwenye nyumba amfungulie njia. Muulize kitambulisho, muulize anatoka kituo gani, piga simu kwa OC uhakikishe wakati unamsindikiza. Anayesema "niko kazini" halafu anavuta kiti na kuagiza bia ya Nile Special, huyo hayuko kazini. Na askari wako wa kampuni mwenye bunduki, yeye naye abaki getini, siyo aje kuegemea kaunta kuangalia mpira. Kampuni yenyewe iwe na laiseni ya polisi, waombe wakuonyeshe kabla ya kusaini.

Mtu akigoma kabisa? Usibishane, usimguse, usimzunguke na mabaunsa, na usizime muziki ghafla ukatisha watu wote. Meneja anampa meza ya pembeni karibu na mlango, mtu mwingine kule nyuma anapiga 999 au 112 na namba ya OC ambayo inatakiwa iwe kwenye simu ya kila mtu wa zamu, siyo ya kwako tu uliyelala nyumbani. Wateja wa karibu wahamishwe polepole kwa kisingizio chochote, meza inavuja, AC imeharibika. Pombe asiongezewe, mwambie bia ya baridi imekwisha. Hapo polisi wafanye kazi yao. Asubuhi andika kwenye kitabu: saa ngapi, alivaa nini, namba ya gari, alisema nini, nani alikuwa zamu, na video ya kamera itoe uiweke pembeni manake mashine nyingi zinajifuta zenyewe zikijaa. Kama alikuwa wa jeshi au polisi peleka malalamiko kwa mkubwa wake kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Sherehe ndizo zinazoshinda watu wengi, kwanjula ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, harusi, besdei ya mbunge. Ukiwa na wageni mia tatu na waheshimiwa watano huwezi kuanza kujadiliana getini. Weka kwenye fomu ya bukingi, juu kabisa kando ya bei, kwamba silaha haziingii kwenye hema, na mwenye shughuli asaini. Siku mbili kabla mpigie kamati muulize nani anakuja na eskoti, wangapi, gari zao zitakaa wapi, na umuombe namba ya mkuu wa hao walinzi umpigie wewe mwenyewe mapema mpange. Hao jamaa ukiwapigia kabla wanakuwa wapole sana, wengi watakuuliza tu chakula chao kitakuwa wapi.