Namna ya Kuandaa Mdahalo Kuhusu Elimu ya Chuo Kikuu Bila Malipo

Mada isemayo "Elimu ya chuo kikuu itolewe bila malipo kwa wote" ni ya kawaida katika midahalo ya shule za sekondari na vyuo nchini Tanzania, na mara nyingi huharibiwa kwa namna ileile: upande wa kuunga mkono husema kwamba elimu ni haki, upande wa kupinga husema kwamba Serikali haina fedha, kisha kengele hulia kila mmoja akiwa palepale alipoanzia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msemaji aliyepangiwa upande wowote kati ya hizo mbili, na pia kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anayetakiwa kuiandikia insha mada hiyo. Unaeleza jinsi ya kuandaa hoja ambayo haitaanguka mara swali la kwanza litakapotoka ukumbini.

Tenganisha gharama, kisha amua "wote" ni nani

Kabla ya kuandika sentensi yoyote ya hotuba, orodhesha kila kitu ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu hulipia: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Huu ndio mgawanyo unaotumiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inapopanga mikopo, kwa hiyo hakuna atakayekushutumu kwamba umeubuni.

Baada ya hapo piga hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Tukikadiria kwamba mwaka wa masomo una siku 240, jumla yake ni shilingi 2,400,000, ilhali ada ya shahada nyingi za sanaa katika vyuo vikuu vya umma iko jirani na shilingi milioni moja. Maana yake ni kwamba, kwa mwanafunzi wa fani hizo, kufuta ada ni kufuta sehemu ndogo ya mzigo. Msemaji wa kuunga mkono asiyeijua hesabu hiyo atadai ada ifutwe, ataketi akidhani amemaliza kazi, na mpinzani aliyejiandaa atasimama kumuuliza mtoto wa mkulima wa Kasulu atalala wapi na atakula nini akifika Dar es Salaam. Kwa hiyo tamka mapema, ikiwezekana katika sentensi yako ya pili, kama unatetea kufutwa kwa ada pekee au kulipwa kwa gharama zote.

Fanya vivyo hivyo kwa neno "wote". Je, ni kila raia, au ni kila aliyepata udahili? Je, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, ambacho si mali ya Serikali, naye yumo? HESLB hukopesha wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi pia, na msemaji atakayewaacha nje wa vyuo vya binafsi ajue kwamba atakuwa amewanyang'anya kitu ambacho tayari wanacho. Mimi ningekuwa upande wa kupinga, hapa ndipo ningelielekeza swali langu la kwanza.

Soma maandiko ya haki kabla ya kuyataja

Wasemaji wengi hutaja haki za binadamu bila kufungua ukurasa wowote. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 26, linataka elimu ya msingi itolewe bure, lakini kuhusu elimu ya juu linataka tu iwe wazi kwa wote kwa usawa, kwa kuzingatia sifa za mwombaji. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966 unakwenda mbali zaidi, kwani ibara yake ya 13 inataka elimu ya juu ifikiwe na wote kwa usawa kulingana na uwezo wa kila mtu, kwa kila njia ifaayo, na hasa kwa kuanzisha hatua kwa hatua elimu isiyolipiwa. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huo. Mpinzani atajificha nyuma ya maneno "hatua kwa hatua", na hapo ndipo msemaji wa kuunga mkono anapaswa kumbana: nchi iliyokuwa ikisomesha bure na baadaye ikaanza kutoza imepiga hatua kuelekea upande gani?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 11, inasema kwamba kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na kwamba Serikali itafanya jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za elimu katika ngazi zote. Kabla hujashangilia, soma pia ibara ya 7, ambayo inaeleza kuwa masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi kwa nguvu ya sheria na mahakama yoyote. Ibara ya 11 ni mwelekeo wa sera. Mtu hawezi kuichukua na kwenda kuishtaki Bodi ya Mikopo. Itaje hivyohivyo ilivyo, kwa sababu mwamuzi anayeifahamu Katiba atakuondolea alama mara tu utakapoitia chumvi.

Tumia historia ya hapahapa

Elimu ya chuo kikuu isiyolipiwa si ndoto ya kigeni kwa Tanzania, kwa kuwa nchi ilikwisha kuwa nayo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na katika miaka hiyo Serikali ndiyo iliyobeba gharama za wanafunzi wake. Jambo ambalo wasemaji hulisahau ni kwamba malipo yalidaiwa kwa njia nyingine. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila na asirudi, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Mwalimu aliwafukuza kwa mamia, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Tukio hilo linafaa pande zote mbili, na ndiyo sababu nashauri lisomwe kwa utulivu. Upande wa kuunga mkono utasema kwamba nchi maskini kuliko ilivyo leo iliweza kuwasomesha vijana wake bila kuwadai shilingi. Upande wa kupinga utajibu kwamba iliweza kwa sababu waliosomeshwa walikuwa wachache mno, tena walidaiwa utumishi ambao vijana wa leo wasingeukubali. Mimi naona jibu hilo la pili ni zito, lakini lina jibu lake: kama utumishi ni malipo, basi daktari anayekubali kwenda hospitali ya wilaya ya pembezoni anaweza kusamehewa mkopo wake, na wazo hilo ni rahisi kulitetea kuliko kufuta gharama kwa kila mtu.

Baada ya mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 sera ya kuchangia gharama iliingia, na mwaka 2004 Bunge likatunga sheria iliyoanzisha HESLB, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kwa mnufaika aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwajiriwa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 120,000 kila mwezi kabla hajalipa pango. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo, ambayo ilikuwa ikiyafanya madeni yavimbe mwaka hadi mwaka. Msemaji wa kuunga mkono aifanye hesabu hii ukumbini kwa sauti, taratibu. Wasikilizaji wengi wana kaka au dada anayekatwa fedha hizo.

Usiache majirani. Kenya iliunda bodi yake ya mikopo, HELB, mwaka 1995, na mwaka 2023 ikaleta mfumo uliogawa ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na kipato cha kaya. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na mvutano ukahamia ngazi ya rufaa. Makerere, chuo kikuu cha Uganda, nayo ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku nafasi zinazolipiwa na Serikali zikibaki chache na zikigombewa kwa alama. Walioshinda ushindani huo kwa kiasi kikubwa walitoka katika shule bora, yaani familia ambazo zingeweza kulipa. Hiyo ndiyo silaha kali kuliko zote za upande wa kupinga, na ni ajabu kwamba hutumika mara chache.

Mifano ya Ulaya iangaliwe vizuri

Lazima mtu atasema "mbona Ujerumani ni bure". Ni kweli kwamba majimbo kadhaa ya Ujerumani yaliwahi kutoza hadi euro 500 kwa muhula na kwamba jimbo la mwisho, Niedersachsen, lilifuta ada hiyo mwaka 2014. Lakini mwanafunzi bado hugharimia maisha yake, na msaada wa Serikali kwa wasiojiweza kwa kawaida huwa nusu ruzuku na nusu mkopo usio na riba. Tena neno "wote" lina mipaka hata huko: tangu 2017 jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, kundi ambalo Mtanzania yumo.

Linganisha pia nchi mbili zilizo chini ya taji moja. Uskoti hailipishi ada wanafunzi wake wa shahada ya kwanza, lakini Serikali yake huweka kikomo cha idadi ya nafasi inazozilipia. Uingereza yenyewe (England) ilianza kutoza pauni 1,000 kwa mwaka mnamo 1998, na kufikia 2012 kiwango cha juu kilikuwa pauni 9,000. Wengi walitabiri kwamba vijana maskini wangekimbia vyuo, lakini kiwango cha vijana wa miaka 18 kutoka maeneo duni wanaojiunga kiliendelea kupanda, ingawa wanafunzi wa muda, ambao wengi wao ni watu wazima wenye kazi, walipungua sana. Huko deni hulipwa pale tu kipato kinapovuka kiwango fulani na hufutwa baada ya miaka kadhaa. Mpinzani asiyeeleza sharti hilo atakuwa anadanganya kwa kunyamaza.

Panga hoja kulingana na upande wako

Ukiwa upande wa kuunga mkono, usiegemee huruma. Hoja yako imara zaidi ni kwamba mfumo wa kuchambua nani maskini hukosea: yatima aliyesomeshwa shule ya binafsi na mfadhili analazimika kuthibitisha kwa barua kwamba si mtoto wa tajiri, na cheti kimoja cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, kinaweza kumkosesha mwaka mzima. Huduma inayotolewa kwa wote haina mlango wa kumwacha mtu nje kwa kosa la karatasi, na familia tajiri inaweza kudaiwa mchango wake kupitia kodi. Ongeza kwamba Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016 na kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia 2022/23, hivyo chuo kikuu ni ngazi inayofuata.

Ukiwa upande wa kupinga, usidai kwamba nchi haina fedha, kwa maana utaulizwa juu ya magari ya viongozi na ukumbi utacheka. Sema kwamba fedha ipo lakini ina vipaumbele, na kwamba kila shilingi inayomlipia mtoto wa mfanyabiashara mkubwa ni shilingi iliyokosekana kwenye shule ya msingi yenye madawati pungufu. Kubali wazi kwamba wasio na uwezo walipiwe kila kitu. Ukikubali hivyo, mzigo wa kutetea neno "wote" unabaki kwa mwenzako peke yake, nao ni mzito.

Siku yenyewe

Ukipewa dakika tano, salamu kwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wageni waalikwa zisizidi sentensi moja. Nimesikia wasemaji wazuri wakimaliza dakika nzima kwa heshima zisizo na alama. Tamka tafsiri yako ya "bila malipo" na "wote", toa hoja mbili, si sita, na kila moja iwe na tarakimu au tukio moja ambalo unaweza kulieleza ukiulizwa.

Maswali kutoka ukumbini hayatofautiani sana: fedha zitoke wapi, ubora wa elimu utashuka au la, wahitimu wasio na ajira watalipaje mkopo, na kwa nini mwenye kiwanda asomeshewe mtoto. Andika jibu la kila swali kwenye kadi yake, mbali na hotuba, na juu ya kila kadi weka jina la swali kwa herufi kubwa, kwa kuwa msemaji anayepekua kurasa nne za hotuba akitafuta jibu hupigiwa kengele kabla hajalipata.