Somo: Kuamsha nguvu ya mwili kwa yoga, tuanze na pumzi

Aliyechoka akija kwenye yoga hukimbilia mikao migumu, akidhani jasho ndilo litakalomrudishia nguvu. Anza na pumzi. Katika Kisanskriti prana ni pumzi na pia ni nguvu ya uhai; neno ni moja.

1. Tumbo liwe jepesi. Ukishiba sana, subiri muda wa saa tatu hivi.

2. Kaa mgongo ukiwa wima, chini au kitini. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, itoe kwa pua ukihesabu 6. Mabega yatulie, tumbo ndilo lipande na kushuka. Moyo hupiga polepole zaidi tunapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukianza kuhema, hesabu imekuzidi: shuka hadi 3 na 4, wala si aibu. Endelea dakika 5. Hatua hii usiiharakishe, kwangu mimi ndiyo somo lenyewe.

3. Ingia surya namaskara, yaani salamu ya jua, mikao 12 inayofuatana. Kifua kikifunguka vuta pumzi, ukiinama itoe. Misuli ya nyuma ya mapaja ikikaza, kunja magoti. Mizunguko 3 yatosha.

4. Lala chali kwa shavasana, dakika 5 au zaidi, kisha geukia ubavu ndipo uinuke. Wengi huiruka hatua hii, nami huumia nikiwaona, maana hapo ndipo mwili hutulia na kupokea kazi uliyoifanya.

Dakika 20 za kila siku nazipenda kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake.

MASWALI

Mwalimu, wiki ya pili sasa na bado nachoka. Nakosea wapi?
Huenda unajikaza. Kwa siku chache fanya hatua ya 2 na ya 4 tu, na ulale mapema. Uchovu usipoisha hata ukilala vizuri, nenda ukapimwe: upungufu wa damu, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo huchosha, na yoga haitibu hayo.

Nikifanya kapalabhati, ile pumzi ya kusukuma tumbo haraka, napata kizunguzungu. Ni nguvu inaamka?
Hapana, ndugu yangu. Umetoa kaboni dioksaidi kupita kiasi, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imebana. Acha mara moja, pumua kawaida. Mjamzito na mwenye presha wasiifanye kabisa.

Nina presha. Niache yoga?
Usiache, ila mwambie daktari wako kwanza. Usibane pumzi, na mikao ya kichwa chini miguu juu iepuke.

Nafasi yangu ni usiku tu.
Usiku pia ni sawa. Punguza mikao ya kupinda mgongo kwa nyuma, maana huchangamsha, na shavasana irefushe.