Somo: Namna ya kumtambua na kumpa jina nyoka mpya wa chini ya ardhi

Mvua zikianza, wakulima hufukua nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu, wa rangi ya waridi, macho hayaonekani. Ni nyoka kipofu, hana sumu, na mara nyingi huuawa kabla hajatazamwa. Inasikitisha, kwa sababu huenda ni spishi isiyojulikana bado: mwaka 2007 tu ndipo wanasayansi Broadley na Wallach walipomtangaza nyoka kipofu Letheobia pembana wa Pemba, na 2016 Patrick Malonza na wenzake wakamtangaza Letheobia mbeerensis wa Mbeere, Embu.

Kwanza kibali. Kenya anzia NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori), Tanzania COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori).

1. Kumkamata. Usimshike kwa mkono hadi uhakikishe si Atractaspis, nyoka mwenye sumu. Huyo naye huishi udongoni, ni mweusi au kahawia, na jino lake la sumu hutokea kando ya mdomo bila kuufumbua. Kumbana nyuma ya kichwa ni kujipalia makaa. Tumia fimbo ya ndoano na ndoo yenye mfuniko.

2. Andika papo hapo: GPS, mwinuko, aina ya udongo, na rangi yake akiwa hai. Rangi hupotea akishahifadhiwa.

3. Kata kipande cha ini, tia kwenye ethanoli ya 96%, ndipo mwili uingie formalini, dawa ya kuhifadhia. Ukigeuza mpangilio huo, DNA inaharibika.

4. Magamba. Hapa ndipo kazi ilipo, msiharakishe. Nyoka wengi wana magamba mapana tumboni, ndiyo yanayohesabiwa. Ya nyoka kipofu yanalingana mwili mzima, kwa hiyo fuata mstari wa katikati ya mgongo, kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Ni mamia, madogo, yanateleza machoni chini ya taa. Weka alama ya uzi kila baada ya magamba 50, ukipotea urudi hapo. Hesabu pia safu zinazozunguka mwili: mbele, katikati, nyuma. Kisha tazama kichwa kwa hadubini: mshono ulio chini ya tundu la pua unagusa gamba la ngapi la mdomo wa juu? Mstari huo mdogo unaweza kutenganisha spishi mbili.

5. Mlinganishe na vielelezo, yaani nyoka waliohifadhiwa makumbusho, vya jamaa zake wote. Vingi vya zamani viko London na Berlin. Spishi "mpya" nyingi huishia hapa, kwani zilishapewa jina zamani.

6. Teua holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, taja namba yake ya makumbusho, eleza tofauti, chapisha. Jarida likiwa la mtandaoni, sajili kazi ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina kielelezo kimoja tu. Kinatosha?
Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inaruhusu. Lakini kimoja hakikuonyeshi dume na jike wanavyotofautiana. Tafuta vingine, na vinasaba vikuunge mkono.

Naweza kumpa jina langu?
Hukatazwi, ila wenzako watakushangaa. Tumia jina la mahali, au umuenzi mtu, kama Atractaspis branchi wa Liberia na Guinea, aliyetangazwa 2019 kwa heshima ya Bill Branch, mtaalamu wa reptilia wa Afrika.

Shemeji kamuua nyoka kwa jembe. Bado ana faida?
Sana. Piga picha, andika mahali na tarehe, mtie kwenye spiriti na uwaarifu watu wa makumbusho. Kichwa kikiwa kimekatika, kiokote pia. Magamba ya pua ndiyo tunayoyahitaji zaidi.