Kubadilisha udongo wa bonsai ya mkwaju kwa majira ya Mtwara

Miongozo mingi ya bonsai, yaani miti inayolelewa midogo chunguni kwa ustadi wa Kijapani, hukuambia ukate mizizi majira ya machipuko. Mtwara hatuna machipuko. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi. Kwa hiyo usifuate kalenda ya Japani, fuata mti. Msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, joto limepanda na mkwaju umeanza kutoa vijani vipya laini, andaa mkasi.

Hatua ya 1: Kagua. Maji yakituama juu badala ya kuzama, au mizizi ikichungulia matunduni, wakati umefika. Mti mchanga huwa tayari kila baada ya miaka 2 hivi. Mzee anaweza kungoja zaidi.

Hatua ya 2: Udongo. Hapa usiharakishe, kwa sababu bonsai nyingi hufa kwa mizizi kukosa hewa. Mimi huchanganya sehemu 2 za matofali ya kuchoma yaliyopondwa, 1 ya kokoto ndogo na 1 ya mboji iliyooza kabisa. Chekecha, ubaki na punje za ukubwa wa mtama hadi kunde. Vumbi lote mwaga, maana ndilo linaloziba. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Niliwahi kuutumia kwenye mtini wangu. Ncha za majani zikakauka, nikadhani ni kiu, nikazidi kumwagilia. Kumbe ni chumvi. Mti ule nilikuwa nimeulea miaka sita.

Hatua ya 3: Funika matundu ya chungu kwa wavu wa dirisha na upitishe waya wa kufungia mti.

Hatua ya 4: Mizizi. Usimwagilie siku moja kabla, udongo uachie wenyewe. Fanyia kazi kivulini, upepo usifike, na ndoo ya maji iwe karibu ya kulowesha mizizi. Kwa kijiti cha mwanzi, anza pembeni ukielekea shinani, taratibu, kama unavyofumua nywele za mtoto. Chini utakuta mizizi minene iliyozunguka chungu. Hiyo ndiyo ya kukata. Ile myembamba kama uzi ndiyo inayokunywa maji, ibakize. Kwa jumla usizidishe theluthi moja.

Hatua ya 5: Panda, funga waya, shindilia kwa kijiti mpaka pasibaki uwazi chini ya shina. Mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe meupe. Kivulini wiki 2 au 3, na mbolea isubiri mwezi mzima.

Baada ya hapo ni majira. Mvua zikishika mfululizo, weka kipande cha tofali chini ya upande mmoja wa chungu ili maji yachuruzike. Kusi likianza kuvuma, sogeza mti nyuma ya ukuta. Ukikaa karibu na bahari, suuza majani kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Miezi hiyo mti hupoa, kwa hiyo chomeka kidole kwanza kabla ya kumwagilia.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi migumu. Mwagilia asubuhi na jioni, mchana uwekee kivuli cha makuti. Maji ya mvua niliyokinga Machi nayatunza pipani kwa ajili ya wakati huo, kwani kisima chetu huzidi chumvi kiangazi kikikolea.